Kabla ya kuziba korongo, panda juu uone maji yanakotoka

Mtu akiona korongo limefika katikati ya shamba lake, wazo la kwanza ni kulijaza. Analeta mawe, matawi, viroba vya mchanga, pengine hata takataka za nyumbani, na kuvimimina ndani. Mvua kubwa mbili zikipita, maji yameuzunguka ule mrundo, yamekula ukingo, na sasa korongo lina mikono miwili. Jasho limekwenda bure kwa sababu kazi ilianzia mwisho. Korongo ni mahali maji yanapomalizia uharibifu. Yalianza kuharibu huko juu, pengine mita mia mbili kutoka hapo: penye shamba linalolimwa kwa kushuka na mteremko, penye njia ya ng'ombe, au penye kalavati la barabara linalomwaga maji ya kilima kizima sehemu moja.

Haya ni kwa ajili ya mwenye ekari moja mpaka tano kwenye mteremko, katika nchi ya mvua chache lakini kali: Dodoma, Singida, Machakos, Makueni, Kitui na kwingine kunakofanana na huko. Vifaa ni jembe, sururu, koleo, panga, kamba na fito tatu.

Udongo unavyoondoka

Udongo hausubiri mafuriko. Unaanza kuondoka pale tone la mvua linapopiga ardhi tupu. Tone hupasua bonge, chembe laini zinaruka na kuziba vitundu ambavyo maji yangepitia kuingia ardhini, na jua likiwaka linabaki ganda jembamba lililo gumu. Mvua inayofuata inakuta mlango umefungwa, basi maji yanashuka. Mwanzoni yanashuka yakiwa yametandaa, yakibeba ule udongo laini wenye mbolea, na mkulima haoni kitu. Baadaye yanajikusanya kwenye michirizi. Jembe linafuta michirizi hiyo kila msimu, ndiyo maana wengi husema kwa dhati kwamba shamba lao halina mmomonyoko. Tazama dalili nyingine: mizizi ya miti iliyoachwa wazi, kokoto ambazo kila moja imekalia kinara kidogo cha udongo, mchanga uliolala mwishoni mwa shamba, mahindi mafupi ya manjano katikati ya mteremko na marefu ya kijani kule chini.

Piga hesabu. Milimita moja ya udongo kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, kama tani 13 hivi. Hakuna jicho linaloweza kuona shamba limeshuka milimita moja. Mvua nayo ina hesabu hiyohiyo: milimita moja kwenye hekta ni lita 10,000, kwa hiyo mvua ya milimita 50 inakuletea lita laki tano. Kazi yote iliyobaki kwenye makala hii ni kuamua maji hayo yaende wapi.

Kinga ya kwanza na ya bei nafuu kuliko zote ni kufunika ardhi. Theluthi moja tu ya uso wa shamba ikifunikwa na mabua na majani makavu, upotevu wa udongo hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu tone linapiga bua badala ya udongo. Shida ni kwamba mabua hayohayo ni chakula cha mifugo, na mchwa nao wana haki yao. Suluhisho linalotekelezeka ni kuacha mifugo ile majani na ncha, kisha vile vigogo vya mabua vilazwe kwa kukata mteremko, si kuachwa vimesimama. Msimu unaofuata changanya mahindi au mtama na kitu kinachotambaa: kunde, maboga, au ngwara (njahi kwa Wakenya). Na moto wa kusafisha shamba uachwe kabisa. Unaondoa kifuniko wiki chache kabla ya mvua zile kali za mwanzo, wakati mbaya kuliko wote katika mwaka.

Anzia kileleni

Ukimaliza kutazama shamba lako, panda mpaka juu kabisa, hata kama huko si kwako. Mara nyingi utakuta malisho yaliyochakaa. Hapo ndipo sehemu kubwa ya maji yako inapotoka, na hakuna tuta la shambani litakalohimili maji ya kilima kitupu.

Tanzania ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na miaka yake ya kwanza ulitumia nguvu nyingi kujenga matuta ya kukinga maji, kwa mashine, kwenye vilima vya Irangi kule Kondoa. Matuta yalijengwa, lakini mifugo iliendelea kulisha juu yake na ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zilirudi zenyewe, kisha vichaka, na mito ya mchanga ikaanza kutulia. Sisifu namna ile ya kuwahamisha ng'ombe kwa amri. Familia zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao, na mifugo ikaenda kuisumbua ardhi ya mahali pengine. Baadaye ilibidi ufugaji wa zizini uruhusiwe. Lakini somo la udongo halina utata: tuta bila nyasi halidumu, na nyasi bila tuta zinaweza kutosha.

Wasukuma walikuwa na njia ya upole zaidi, ngitili: kipande cha malisho kinafungwa wakati wa mvua, nyasi zinakua na kukomaa, kisha kinafunguliwa kiangazi wakati kwingine kumekwisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kwa kuifufua desturi hiyo, ambayo watu walikuwa wanaijua tayari. Kwa kilima kidogo cha kijiji, kufunga theluthi moja kwa zamu kunatosha kuanzia, mradi makubaliano yawe ya watumiaji wote na adhabu iwe imetajwa kabla ng'ombe wa kwanza hajaingia.

Miti usikimbilie kuipanda. Nchi hizi kavu zina visiki vingi vilivyo hai chini ya ardhi, vyenye mizizi ya miaka mingi, ambavyo kila mwaka vinachipua na kila mwaka vinafyekwa au kuliwa na mbuzi. Dodoma wanaiita njia hii Kisiki Hai. Chagua kisiki chenye machipukizi mengi, bakiza matatu mpaka matano yaliyonyooka na yenye nguvu, yaliyobaki kata. Kwenye yale uliyobakiza, punguza matawi ya pembeni kuanzia chini mpaka nusu ya urefu, usizidishe, maana ukiacha kishungi cha juu peke yake chipukizi linayumba na kuvunjika. Kata kwa panga kali kutoka chini kwenda juu. Ukikata kwa kushusha, gamba linachanika na kuacha kidonda kinachooza. Funga kitambaa ili mchungaji na mwenye jembe wajue kwamba mti huo una mwenyewe. Rudi baada ya miezi mitatu au minne ukate machipukizi mapya. Mche wa kitalu unahitaji kumwagiliwa, na wengi hufa kiangazi cha kwanza. Chipukizi la kisiki lina mizizi inayofikia unyevu tayari.

Kuupata usawa kwa macho ambayo hayadanganyiki

Macho ya binadamu hayawezi kuona usawa kwenye mteremko. Anayechora mtaro kwa macho anaweza kukosea kwa sentimita 20 au 30 katika mita 50, na tofauti hiyo inatosha kukusanya maji yote sehemu moja na kupasua tuta. Tengeneza fremu yenye umbo la herufi A. Fito mbili za mita 2.1 zinafungwa pamoja juu, miguu inatanuka mita 2, na fito ya tatu inakatiza katikati. Kutoka kileleni ning'iniza timazi: kamba na jiwe linalofika chini kidogo ya ile fito ya katikati.

Sasa itafutie alama yake. Simamisha fremu mahali popote, weka alama miguu inapokanyaga, na uchore mstari pale kamba inapogusa fito ya katikati. Igeuze, kila mguu ukae palipokuwa na mwenzake, chora mstari wa pili. Katikati ya mistari hiyo miwili ndiyo alama ya usawa. Hatua hii watu huiruka kwa kuamini kwamba wamekata fito sawasawa. Tofauti ya sentimita 2 kwenye miguu inakuwa sentimita 50 baada ya hatua 25 ukisogea bila kuigeuza. Siku yenye upepo acha kazi, au subiri asubuhi mapema, kwa sababu kamba ikiyumba kila kigingi kinakuwa cha kubahatisha.

Tembeza fremu ukikata mteremko, kigingi kila hatua. Ukimaliza, rudi nyuma utazame mstari mzima. Kigingi kimoja kikitoka nje ya wenzake, kisogeze kifuate mkondo. Mara nyingi mguu ulikanyaga bonge au shimo. Lakini usinyooshe mstari mzima ili upendeze. Mkunjo ulioko kwenye ardhi ni wa kweli.

Penye mvua chache mtaro uwe sawa kabisa, na ncha zake mbili zifungwe ili maji yote yazame shambani. Penye mvua nyingi au udongo mzito usionyonya maji upesi, mtaro ushuke kidogo kuelekea pembeni: sentimita 25 mpaka 50 kwa kila mita 100. Kwa fremu ya mita 2, sentimita 50 ni sawa na kufunga kipande cha mti cha sentimita 1 chini ya mguu wa upande yanakoelekea maji. Ukishakifunga, usizungushe fremu tena kwa mguu mmoja kama bikari. Inyanyue uisogeze, mguu wenye kipande ukiwa mbele siku zote. Ukiizungusha, hatua moja itashuka na inayofuata itapanda. Na kule pembeni maji yanakotokea, uwepo kwanza mkondo mpana usio na kina uliooteshwa ukoka msimu mzima uliotangulia. Mtaro unaomwaga kwenye udongo mtupu unachimba korongo jipya kwa mikono yako.

Fanya juu

Jina hili la Kiswahili limeenea kwenye vitabu vya hifadhi ya udongo duniani, na liling'arishwa na wakulima wa Machakos na Kitui. Unachimba mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, na udongo wote unarushwa upande wa juu wa mteremko. Unapata tuta juu ya mtaro. Udongo unaoshuka kutoka shambani unakwama nyuma ya tuta, msimu baada ya msimu, mpaka kipande kati ya tuta na tuta kinaanza kulala chenyewe kama ngazi. Kuurusha udongo chini, yaani fanya chini, ni kazi nyepesi zaidi, lakini hakujengi ngazi kwa namna hiyo.

Tofauti kati ya ngazi inayojijenga na ngazi inayokatwa kwa siku moja si ndogo. Kwenye milima ya Uluguru, wakati wa ukoloni, wakulima walilazimishwa kukata matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali yenye udongo mwembamba. Udongo mzuri wa juu ulifukiwa, ule mwekundu usio na rutuba ukaja juu, mavuno yakashuka, na kazi ilikuwa ya shuruti. Mwaka 1955 watu walikataa na vurugu zikatokea. Chuki ya neno "matuta" kwa wazee wengi ina chimbuko lake, na afisa ugani anayekwenda kuhamasisha angefaa kuijua.

Umbali kati ya mtaro na mtaro ndio unaoamua kama kazi itasimama. Pima mteremko: nyoosha kamba ya mita 10 ikiwa sawa, uone ncha ya chini iko juu ya ardhi kiasi gani. Ikiwa mita 1, mteremko ni asilimia 10. Kanuni inayotumika Kenya inasema: gawa asilimia ya mteremko kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3, nawe unapata mita za kushuka kati ya mtaro na mtaro. Kwa asilimia 5 unapata kama mita 1, na ardhini ni mita 19 au 20. Kwa asilimia 10 ni mita 1.35, ardhini mita 13.5. Kwa asilimia 20 kanuni inatoa mita 2.1, lakini ni vizuri usizidishe mita 1.8, yaani mita 9 ardhini, kwa sababu tuta refu mno linaporomoka kabla nyasi hazijalishika.

Kwa nini usinyooshe umbali ili upunguze uchimbaji? Chukua mteremko wa asilimia 10 na mvua ya milimita 50. Kipande cha mita 13.5 kinapokea mita za ujazo 0.675 kwa kila mita moja ya mtaro. Nusu ikitiririka, ni 0.34. Mtaro wa 60 kwa 60 unabeba 0.36. Umetosha, kwa shida. Tanua umbali uwe mita 20, na maji yanayotiririka ni 0.5. Mtaro umejaa, maji yanatafuta mahali tuta lilipo chini kuliko kwingine, na yakishapapata hayasambai: yote yanapita hapohapo, tuta linapasuka, na mtaro wa chini yake unapokea maji ya vipande viwili. Ndiyo maana unaanza na mtaro wa juu kabisa, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mwenye nguvu za kuchimba miwili tu mwaka huu achimbe miwili ya juu.

Kwa mteremko huo wa asilimia 10, ekari moja inahitaji kama mita 300 za mtaro. Mtu mmoja kwenye udongo wa kawaida anachimba mita 5 mpaka 8 kwa siku, kwa hiyo watu wawili wana karibu mwezi mzima wa kazi. Chimba baada ya mavuno ardhi ikiwa bado na unyevu kidogo. Ukisubiri mpaka Oktoba utagonga ardhi kama saruji, na ukichimba mvua zikiwa zimeanza tuta litayeyuka.

Acha ukingo mtupu wa sentimita 20 mpaka 30 kati ya mtaro na tuta, la sivyo udongo ulioutoa kwa jasho unarudi ndani kwa mvua ya kwanza. Tuta likanyagwe, lishindiliwe, na liinuliwe zaidi pale linapokatiza mchirizi wa zamani, kwa sababu udongo wa kujazwa hutitia. Ndani ya mtaro acha kizuizi cha udongo kila mita 5 mpaka 10, chini kidogo kuliko tuta, ili kosa lako la kupima lisihamishe maji yote upande mmoja.

Na nyasi. Tuta lisilo na nyasi ni udongo mlegevu uliopandishwa juu unaosubiri kushuka. Panda mwanzo wa mvua, usingoje katikati ya msimu. Mabingobingo yanakua haraka na ng'ombe wanayapenda, lakini yanavuta maji na mbolea na kuudhi mistari miwili ya mahindi iliyo karibu. Yanafaa penye mvua za kutosha na mwenye ng'ombe wa zizini. Penye ukame makarikari ni bora. Vetiva inashika udongo kuliko zote, ikipandwa vishina kwa nafasi ya sentimita 10 mpaka 15 bila kuacha pengo; mifugo haiipendi sana ikikomaa, na hiyo ni faida penye wachungaji wasiosikia. Ndani ya mtaro, migomba au mipapai inakunywa yale maji yaliyokwama.

Sasa korongo

Maji ya juu yakishashikwa, korongo linakuwa mgonjwa anayeweza kutibika. Kwanza kata maji yanayoingia kichwani, yaani kwenye ncha ya juu ya korongo. Chimba mfereji wa kinga juu ya kichwa, umbali usiopungua mara tatu ya kina cha korongo, maana ukiwa karibu zaidi unalowesha ukuta unaotaka kuanguka. Kisha kichwa kile kilichosimama wima kichongwe kilale, kiwekwe mawe na kupandwa nyasi.

Ndani, jenga vizuizi vya mawe vifupi na vingi. Kimoja kirefu kinavutia kwa macho, ila maji yanayoanguka kutoka mita 2 yanachimba shimo chini yake na kukiangusha. Kimo kisizidi mita 1. Chimba msingi wa sentimita 30 mpaka 50 chini na pia ndani ya kuta za pande zote mbili. Kwa kimo cha sentimita 80, upana wa chini uwe kama mita 2 na wa juu nusu mita. Mawe yenye pembe yanashikana, ya mviringo yanabingirika. Makubwa yakae nje, madogo yajaze ndani.

Sehemu inayosahauliwa kila mara ni mdomo. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 30, maji yapite hapo. Kizuizi chenye kichwa tambarare kinayasukuma maji kwenye kuta, na mwaka ujao kizuizi kimesimama katikati peke yake huku korongo limepanuka pande zote mbili. Chini ya mdomo tandaza sakafu ya mawe yenye urefu wa mara moja na nusu ya kimo.

Nafasi kati ya vizuizi haikisiwi. Mdomo wa kizuizi cha chini uwe sawa na mguu wa kile cha juu yake. Korongo linaloshuka mita 1 katika kila mita 10, lenye midomo ya sentimita 80, linahitaji kizuizi kila mita 8. Kama mawe hayapo, tumia nguzo mbichi zinazochipua, zikizama nusu mita ardhini na matawi yamefungwa kati yake. Minyaa inaota vizuri, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo watoto wasitumwe kuikata. Katani zilizopandwa safu kwa safu kukatiza sakafu ya korongo zinasaidia sana penye makorongo yasiyo na kina. Viroba vya plastiki sivishauri: jua linavichana, mchanga unatoka, na vipande vyake vinaishia mashambani na matumboni mwa mbuzi.

Fungia mifugo nje ya korongo misimu miwili ya mvua. Na baada ya mvua kubwa ya kwanza, asubuhi inayofuata, chukua koleo utembee mitaro yote kuanzia juu. Utakuta panya au fuko ametoboa tuta, jiwe moja limeng'oka mdomoni, mtaro umejaa matope sehemu ya mita mbili. Tope hilo lizolewe na kurudishwa juu ya tuta siku hiyohiyo likiwa bado laini, maana tundu la ngumi linalozibwa kwa dakika tano leo, mvua ya pili ikilikuta wazi, litahitaji toroli ishirini za udongo.